Jina Lisilokauka

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno kumtia mtu hofu: wino ulikataa kukauka.

Mwenye wino alikuwa mwandishi wa hati, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mwandiko. Aliyetaka jina lake liandikwe kwa mkono, likae vizuri juu ya cheti cha ndoa au cha kuhitimu, alibisha hodi kwenye chumba chake cha mbele. Kazi hiyo ilimfundisha kutouamini wino wowote kabla hajaujaribu. Alikuwa na daftari maalumu la majaribio. Humo aliandika mstari mmoja, akasubiri, akausugua kwa kidole, kisha akaudondoshea maji aone kama utakimbia. Mstari wenyewe haukubadilika miaka yote: jina kamili la binti yake, la kwake, la baba na la babu, kwa kuwa mkono ulilijua hata macho yakifumbwa.

Chupa hii aliipata kwa mjane wa mwandishi mmoja mkongwe aliyefariki. Mjane alimpa sanduku zima, kalamu, rula na nibu za kila unene, akasema yeye hana tena macho ya vitu hivyo. Chupa ilikuwa chini kabisa, mdomo umezibwa kwa nta, juu ya nta kitambaa, na juu ya kitambaa uzi uliofungwa mafundo saba. Bi Mwandiko akaona ni uangalifu wa kizee tu. Akayakata mafundo kwa mkasi wa mumewe.

Na wino ulikuwa mzuri, hilo tusimnyime. Wekundu uliopakana na rangi ya chungwa, rangi ya kaa lililopulizwa sasa hivi. Alipolimaliza jina alimwita mumewe, fundi cherehani, aje atazame. Fundi akaja na futi shingoni, akainama, akasema angepata uzi wa rangi ile mabibi harusi wangetoana macho. Wakacheka. Fundi akarudi kwenye cherehani lake chumba cha nyuma.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa sita mstari ulikuwa bado mbichi. Saa kumi na moja bado. Bi Mwandiko akaweka karatasi ya kunyonyea wino, akaiinua: safi, haikunyonya hata tone. Akasema moyoni kwamba uzuri huu ni wa mkakasi, akalifunga daftari.

Kesho yake chumba kilinuka. Mwanzo ilikuwa harufu ya shilingi za chuma zilizoshikwa kwenye kiganja chenye jasho. Kufikia saa nne ilikuwa harufu ya bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda. Akavuta kabati akitafuta panya aliyefia nyuma yake, asione kitu. Inzi ndio waliomwonyesha. Walikuwa wamelifunika daftari, wamekaa kimya, hawarushi hata bawa, wamejipanga kuzizunguka kingo zake kama watu waliokaribishwa kula.

Akawafukuza, akalifungua.

Herufi zilikuwa zimeumuka. Zilisimama juu ya karatasi kama ngozi iliyong'atwa na mdudu, zimefunikwa utando mwembamba unaong'aa. Akaigusa ya kwanza kwa ncha ya nibu, utando ukapasuka, na kilichotoka kilikuwa kizito, kina vuguvugu, kikamtambaa hadi kwenye ukucha. Akageuza ukurasa. Jina lilikuwapo tena, hali yeye alikuwa ameliandika mara moja tu. Akageuza mwingine, na mwingine, kurasa kumi na nane zilizokuwa tupu jana, na kila mmoja ulikuwa na jina la mwanawe, nene kuliko la ukurasa uliotangulia, hadi wa mwisho kabisa ambako herufi zilikuwa zikipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

 Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Ukucha ulibaki mwekundu.

Sasa huyo binti. Alikuwa na miaka saba, na kwa jinsi alivyokuwa akiongea tangu anapofumbua macho mpaka anapofumba, nyumbani walimwita Chiriku. Asubuhi ile hakuwa amesema neno. Bi Mwandiko aliporudi jikoni alimkuta mezani mbele ya bakuli la uji, mdomo wazi, na mdomoni unaning'inia ute wa rangi ya kaa, mrefu, unaonyooka bila kukatika, unajikunja juu ya uji kama uzi unavyojikunja sakafuni. Fundi alikuwa kapiga magoti mbele yake akidhani ni jino. Akatia kidole, akayapima meno moja moja, yote imara. Lakini ulimi wa mtoto ulikuwa umefunikwa utando, kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa.

"Mama Chiriku," fundi akasema kwa sauti ya chini, "huyu kala nini?"

 Bi Mwandiko alikimbilia chumba cha mbele, akaung'oa ukurasa wa kwanza, akauwashia kiberiti juu ya sinia. Karatasi haikuungua kama karatasi. Ilichuruza mafuta, ikatoa harufu ya nywele zilizounguzwa, na kabla moto haujamaliza herufi moja, jikoni mtoto aliyekuwa hana sauti akalia kilio ambacho Bi Mwandiko alisema baadaye kwamba hatakisahau hata kaburini. Akauzima moto kwa viganja vyake. Alipofika jikoni, mkono wa Chiriku ulikuwa na lengelenge jipya, na umbo la lengelenge lilikuwa herufi.

Fundi akatoka mbio. Alimfuata mganga aliyeitwa Bibi Dawa, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akarudi naye jua likiwa bado utosini. Bibi Dawa alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akatema mate nje. Akamtazama mtoto ulimi, akaitazama chupa. Ilikuwa imekauka, safi kama iliyotoka dukani. Akaliona daftari, akauliza nani kaandika.

"Mimi," Bi Mwandiko akanong'ona. "Nilikuwa naujaribu tu, bibi. Sikujua."

Aliyejibu alikuwa mtoto, ila kwa sauti ya mtu mzima aliyejaa makohozi, na kila neno likatoka na povu jekundu.

"Sikuvunja mlango. Nilipewa jina lote, la baba na la babu. Nimepewa, silirudishi."

 Bibi Dawa akabishana na kile kitu muda mrefu, kwa maneno ya upole kama anayembembeleza mgonjwa, akikiahidi hiki na kile, na jini likacheka tu, likisema lilikaa kiu chupani miaka arobaini na hapa limepata koo. Mwishowe Bibi Dawa akamvuta Bi Mwandiko kando.

"Mwanangu, kilichotoka mkononi mwa mzazi kinaweza kurudi kinywani mwa mzazi. Hiyo ndiyo njia iliyobaki. Ulilambe jina, kurasa zote. Usiteme wala usitapike. Ukitapika, kitarudi kwake, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Bi Mwandiko akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akalivuta daftari. Fundi akataka kulamba yeye. Bibi Dawa akatikisa kichwa, si mkono wake ulioandika.

Akaanza na ukurasa uliobabuka, ule wa kwenye sinia. Utando ulimpasukia kwenye ulimi, na ndani kulikuwa na vuguvugu la chumvi, tena vipande vidogo laini vilivyojisukuma kwenye mashavu yake vikitafuta pa kutokea, akavimeza. Akalamba ukurasa wa pili, akalamba wa tatu, na kadiri alivyoendelea jina lilizidi kuwa nene, mpaka ikabidi alitafune, alikate kwa meno kama mshipa wa nyama, huku machozi na kamasi vikimchuruzika juu ya karatasi na inzi wakimtua midomoni, naye hathubutu kuwapuliza asije akafungua kinywa, na tumbo likijikunja likitaka kurudisha kila kitu, akajibana koo kwa mikono yake mwenyewe, akameza, akageuza, akalamba, akameza, hadi ukurasa wa mwisho ambao ulipumua chini ya ulimi wake, ukashtuka, ukajaribu kujiondoa.

Akaumeza nao.

Jikoni Chiriku akakohoa. Akasema ana njaa, na kwamba uji umeingia inzi, na kwa nini baba analia, na nani huyu bibi. Hakunyamaza hadi jioni.

Bibi Dawa aliichukua chupa na daftari. Kabla hajaondoka aliwaambia jambo moja. Jina lile wasilitaje tena. Mtoto wampe jingine. "Lile sasa lina mwenyewe," alisema, asimtazame Bi Mwandiko usoni.

Wakampa jina jipya, wakaandikisha jipya, na Chiriku akalizoea upesi kama watoto wanavyozoea viatu. Bi Mwandiko aliendelea na kazi yake, kwa wino mweusi tu. Alinenepa kidogo. Wateja walimwambia amependeza.

Mwaka uliofuata wazazi waliitwa shuleni kupokea ripoti. Waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamebanwa, Bi Mwandiko na mwanawe dawati la tatu. Mwalimu alikuwa mgeni. Alikuwa amepewa orodha ya zamani, akaanza kuita majina kwa sauti, moja moja, na kila mtoto akaitika. Akafika kwenye jina lile. Akalisoma lote, la baba na la babu.

Chiriku hakugeuka, si jina lake.  Bi Mwandiko alikuwa tayari ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Abee," ikaitika sauti ya mtoto, imejaa maji, kutoka chini ya mbavu za Bi Mwandiko. "Nipo, mwalimu."