Figo Moja na Uongo Mmoja

Kila alasiri akitoka shule, Redio alipitia saluni ya jirani yao kumsaidia msusi kufagia nywele na kusikiliza habari za mtaa. Jina hilo la utani alipewa na msusi mwenyewe, maana jambo likishaingia masikioni mwa msichana huyo, halilali.

Siku moja alifika akitokea hospitali, alikomsindikiza mama yake mjamzito kupigwa picha ya tumbo. Akawatangazia waliokuwemo kwamba daktari amesema mtoto ana figo moja tu.

"Imekuwaje tena?" msusi aliuliza, kitana mkononi.

Redio hakujua. Lakini wateja wote walikuwa wamegeuka kumtazama, naye akaona kunyamaza ni kushindwa. "Mama alikuwa anameza dawa ovyo," akasema.

Ulikuwa uongo mtupu.

Maneno hayana miguu lakini hutembea. Kesho yake asubuhi shangazi, dada yake baba, aliingia bila hata kubisha hodi.

"Wifi, mtoto wa kaka yangu umemfanya nini? Mtaa mzima unazungumza habari za dawa zako!"

Mama alikuwa akikunja nguo za mtoto. Fulana moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Sijameza kitu, wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Ila hata mimi najiuliza, labda kuna mahali nimekosea."

Nyuma ya pazia, Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimwaka moto. Akalisogeza pazia, akatoka.

"Ni mimi, shangazi. Nilidanganya."

Mama hakumgombeza. Alimtazama tu, na kutazamwa huko kuliuma kuliko fimbo.

Waliporudi hospitali, shangazi alifuatana nao. Daktari akawaeleza taratibu.

"Figo huanza kutengenezwa mimba ikiwa changa sana, pengine hata mama hajajua kuwa ni mjamzito. Ndani ya seli zetu kuna maelekezo tunayorithi, yanaitwa jeni. Jeni moja huiamsha nyingine. Kichipukizi kidogo huota, hukutana na tishu ya jirani, na hapo figo huanza kukua. Wakati mwingine mwito mmoja haujibiwi, basi figo ya upande huo haitokei. Mama, hukukosea popote. Na figo moja nzima humtosha mtu. Tutamfuatilia mtoto."

Mama alilia. Shangazi akamshika mkono. "Nisamehe, wifi. Nilikuja juu bila kuuliza."

Jioni hiyo Redio alisimama katikati ya saluni iliyojaa watu. "Nilimsingizia mama yangu," alianza, macho sakafuni, akasema yote mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Redio alisita kumpakata.

"Bado naona aibu, mama."

"Ione, mwanangu, ikufunze. Usilolijua, sema 'sijui'. Neno hilo halimvunjii mtu heshima. Uongo ndio huvunja, tena huvunja hata ya wenzio." Mama akamlaza mtoto mapajani pa Redio. "Haya, mshike kichwa vizuri."