Sikio la Yunisi na Debe la Kufukuzia Ndege

Mtama ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege waitwao kwelea kwelea hawana huruma. Kila kaya ilikuwa na zamu ya kulinda shamba la kijiji cha ujamaa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Antipasi na mkewe Marietha. Binti yao Yunisi alibeba debe la kufukuzia ndege. Nyuma ya sikio lake la kulia kulikuwa na kovu jipya.

Sikio hilo lilikuwa likitoa usaha tangu alipokuwa mchanga. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa. Mwezi uliopita, madaktari wa hospitali kubwa walimpasua Yunisi, wakaondoa uozo uliokuwa ukila mfupa. Usaha ukakauka, lakini mtoto bado alisikia kwa shida.

"Sikio limelala," alisema Antipasi. "Aliyelala huamshwa. Piga debe, mwanangu!"

Yunisi akapiga. Ndege wakaruka. Marietha akamwona akikunja uso.

"Mama, kuna nyuki kichwani."

"Nyuki gani?"

"Wanavuma. Hata nikiacha kupiga."

Alute, msimamizi wa shamba, akacheka. "Mama Yunisi, ulizaa mtoto au yai? Hapa kila mtu anafanya kazi!"

Marietha alimshika binti yake mkono, wakaenda zahanati. Antipasi akafuata akinung'unika.

"Shikamoo, nesi," alisema Yunisi.

"Marahaba, mwanangu." Nesi Dorika alilitazama sikio, akasikiliza habari ya debe na nyuki. "Nani alimpa debe?"

"Mimi," alisema Antipasi. "Nilitaka sikio lizoee."

"Baba Yunisi, mfupa wa nyuma ya sikio ulichimbwa kwa keekee ndogo, chombo cha kutobolea. Keekee ile ina kelele, na mfupa huipeleka kelele mpaka ndani. Daktari hakuwa na budi. Usaha ungeweza kufika kwenye ubongo."

"Lakini mtoto alilazwa usingizi kwa dawa! Angesikiaje?"

"Mtoto alilala. Sikio halikulala."

Antipasi akalitazama kovu la binti yake.

"Sasa linahitaji kupumzika," Dorika aliendelea. "Ndani mna vijinywele vidogo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huviua, na vikifa havioti tena. Debe lisimkaribie. Msimtie sikioni maji, mafuta wala majani. Nyuki wasipotulia, mrudisheni kwa daktari."

"Naye hana sikio jingine," alisema Antipasi taratibu.

Kesho yake alifunga matambara kwenye kamba ndefu, akaziwamba shambani. Yunisi alivuta tu. Matambara yakacheza, ndege wakaogopa. Alute alikuja, akaguna, akaenda zake. Watoto wake waliendelea kupiga debe upande wa pili.

Polepole nyuki walipungua, kisha wakanyamaza, na sauti ndogo zikaanza kumfikia Yunisi.

Siku moja karibu na mavuno, watu walikaa kula. Yunisi akainua mkono.

"Wanakuja!"

"Kina nani?" aliuliza Alute.

"Ndege. Nasikia mabawa."

Wote wakatazama juu. Anga ilikuwa tupu. Mara wingu jeusi likachomoza nyuma ya majabali. Yunisi alikuwa amekwisha kushika kamba.

Marietha aligeuza uso, akafuta machozi kwa upindo wa khanga.

Alute akawaita wanawe. "Leteni hilo debe hapa," alisema. "Nanyi tafuteni matambara."