Mkanda wa Jaketi Jekundu

Sogeeni karibu, majirani, na mwenye dada au mdogo wake asogee zaidi, maana haya yanamhusu.

Nje kidogo ya mji wetu kuna ufuko mdogo wa ziwa. Si ufuko wa kujivunia: ukitandika mikeka ishirini mchanga umekwisha, wa ishirini na moja unaishia kwenye nyasi. Lakini Jumapili hapo ndipo penye raha. Akina baba wanalala wamejifunika magazeti usoni, akina mama wanavua viatu, watoto wanachezea maji mpaka midomo inatetemeka na bado hawataki kutoka. Kamba yenye madumu matupu imekata maji. Ndani ya kamba mtoto anasimama. Nje yake hata mtu mzima hafikishi mguu chini.

Jumapili moja fundi cherehani alikuwa ameketi hapo, chupa ya chai pembeni, roho yake imetulia. Binti yake wa miaka tisa akatoka majini mbio, mikono ameinyoosha. Fundi akafungua taulo kumpokea. Mtoto akampita kama anayepita mlingoti, akaenda kumrukia mama yake mdogo.

"Mama mdogo, umeniona? Nimeelea peke yangu!"

"Nimekuona, Dagaa wangu! Leo samaki wenyewe wamekukimbia."

Taulo likabaki mikononi mwa fundi. Akalikunja polepole, wivu umemwingia.

Mdogo wake huyo ndiye aliyewafundisha watoto kuogelea pale, na alikuwa na kicheko cha kusikika ufuko mzima. Nyumbani kwa fundi ikawa wiki nzima mama mdogo kasema hivi, mama mdogo kasema vile.

"Na mimi niliyekuzaa, sisemi kitu?" fundi aliuliza siku moja. Mtoto akacheka, akidhani ni utani. Masikini, haukuwa utani. Mwanamke aliyeinamia cherehani kutwa ili mtoto avae alijiona amegeuzwa dobi wa taulo.

Ijumaa mdogo mtu akaja na gunia la majaketi ya kuelea, kumi na mawili.

"Dada, mikanda imeoza yote. Nimekuletea wewe kwa sababu mkono wako naujua. Hili jekundu ni langu, usihangaike nalo sana."

"Yaache hapo," fundi akajibu bila kuinua macho.

Kumi na moja aliyashona sawasawa: mshono juu ya mshono, kisha akakanyaga kila jaketi kwa goti na kuvuta mkanda kwa nguvu zote, kama alivyozoea kujaribu kazi yake. Lilipofika jekundu, akatia mshono wa kushikiza tu, ule mrefu ambao fundi hushikizia nguo ya kupimwa na kuufumua kwa kidole. Tusimsingizie, hakutaka mtu afe. Alitaka mkanda uachie mbele za watu, jaketi limpande mwalimu mpaka masikioni, achekwe yeye walau mara moja. Si anaogelea kama samaki? Atadhurika nini? Hilo hakulikanyaga kwa goti.

Jumapili akawahi mkeka wa mbele, asikose kicheko. Akamimina chai, akatafuta jaketi jekundu kwa macho. Akaliona linapita madumu, linaelekea kwenye kina. Ndani yake alikuwamo mwanawe.

"Hongera, mama Dagaa!" jirani wa mkeka wa pili akamwambia. "Binti amefuzu. Mwalimu kamvalisha jaketi lake mwenyewe!"

Chai ikamwagika. Fundi akasimama, akapiga ukelele mpaka magazeti yakawaanguka watu usoni.

"Mrudishe! Mkanda! Mkanda sikuushona!"

Kwa mbali mtoto alisikia sauti tu, maneno hakuyapata. Alifurahi kwamba mama anamwangalia. Akainua mikono yote miwili kumpungia.

"Mama! Niangalie!"

Mkanda ukaachia. Jaketi likapanda, likamtoka kichwani, likabaki linaelea tupu.

Fundi akaingia majini na viatu vyake, naye hajui kuogelea, mpaka wanaume wawili wakamkamata kwenye kamba anagugumia maji. Mdogo wake alishazama kumtafuta mtoto. Akaibuka mikono mitupu, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya pili akaibuka na mtoto.

Walimlaza mchangani, akatapika maji, akalia. Hakuna aliyewahi kufurahia kilio namna ile. Mama mdogo akaokota jaketi, akaugeuza mkanda, akauvuta uzi kwa kidole kimoja. Uzi ukatoka wote.

"Dada, huu ni uzi wa kushikiza."

"Lilikuwa lako," fundi akasema, machozi yanamtiririka. "Si lake. Lilikuwa lako."

"Najua lilikuwa langu," mdogo wake akajibu. Akamfunika mtoto taulo, akaondoka. Nyumbani kwa dada yake hajakanyaga tena.

Mtoto alipona, mshukuruni Mungu. Shule zilipofunguliwa, fundi akamshonea sare mpya, mshono juu ya mshono. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Kisha akaitandaza sakafuni, akaikanyaga kwa goti, akaanza kuvuta mshono mmoja mmoja, mama yake amesimama anatazama. Mpaka leo havai nguo ya mama yake bila kuivuta kwanza.

FUNZO

Mtoto akipendwa na mama wawili, mama mzazi hajapunguziwa kitu. Fundi yule alipungiwa mikono na mtoto yuleyule aliyedhani amemsahau. Wivu ukikushika, useme: mwambie ndugu yako "nami naumia", uone aibu kidogo, yaishe. Usiutie kwenye kazi ya mikono yako, kwa sababu hujui nani ataivaa.