Tanga Lisilo na Kamba

Majirani zangu wa Kisangani, nataka kuwaeleza jinsi nyumba ya Lukumani ilivyobomoka, na hakuna bomu lililoiangukia. Mimi ni Adèle, muuza sombe, majani ya muhogo. Kibaraza changu kilitazamana na chao, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Miaka ile ya vita petroli iliadimika, injini za mitumbwi zikanyamaza. Wafanyabiashara waliteremka na maji hadi Isangi bila shida, lakini kurudi wakipinga mto kwa kasia tupu kuliwavunja mabega. Ndipo Lukumani, fundi cherehani kutoka Maniema, alipoanza kushona matanga.

Ilikuwa raha kumtazama yeye na mkewe Nyota. Walitandaza kitambaa cha amerikani uani, wakapima kwa kamba yenye mafundo, kisha Lukumani akakata vipande virefu na kuviunganisha kwa cherehani, mshono mara mbili. Baada ya hapo kazi ilihamia kwa Nyota. Alikunja pindo, akalaza kamba ndani yake kuzunguka tanga zima, akaishona kwa mkono, kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Kila pembe aliiongezea vitambaa vitatu, kwa sababu pembe ndizo hubeba nguvu yote ya upepo. Mwisho walilichovya tanga katika maji ya maganda ya mti ili lisioze, wakalianika.

"Papa, mushono yako iko natembea sawa mutu amelewa!" Nyota alimtania, na mumewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Tena walikuwa na desturi yao. Tanga jipya halikukabidhiwa mpaka mtu wa nyumba ile avuke nalo hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, na kurudi. Watu waliwaamini kwa ajili hiyo.

Kazi zikawa nyingi, na pupa ikamwingia Lukumani. Na sisi tulimfundisha pa kujificha. Siku zile kila kazi mbovu ilikuwa na jibu moja: njo vita, yaani ni vita ndivyo vilivyosababisha. Mkate umekuwa mdogo? Njo vita. Mwalimu hakuja? Njo vita. Mimi mwenyewe nilipunguza mafungu yangu ya sombe, na aliyelalamika nilimjibu vivyo hivyo.

Basi Nyota akashikwa na malaria, akalala siku nne. Tanga la papa Katembo, mfanyabiashara wa chumvi, lilikuwa limebakiza pindo na pembe tu. Lukumani alilimaliza peke yake. Alikunja pindo tupu, akalipitisha cherehani, na pembe akazipachika kiraka kimoja kimoja. Msidhani alikosa kamba. Kamba ilikuwa ukutani mwake. Hakutaka tu kukaa siku mbili na sindano ya mkono wakati wateja wengine wanangoja. Akalikunja tanga, akalifunga kwenye mlingoti wake wa mwanzi.

Asubuhi Katembo akaja.

"Bon, papa Lukumani, tuvuke. Watu wa kasia wako tayari."

"Leo nenda tu, papa Katembo. Kazi iko mingi. Njo vita."

"Hapana. Kama hakuna mutu wa nyumba hii ndani ya mutumbwi, tanga sichukui."

Nyota akatoka ndani, macho bado mekundu kwa homa.

"Endelea na kazi, papa. Miye nitavuka." Akaligusa lile furushi. "Kamba umetia?"

"Nimetia."

"Mu pembe zote ine?"

"Zote, mama."

Nilikuwa nachambua sombe. Nilimwona Nyota akifunga kitenge chake vizuri, na nilimwona Lukumani akifungua mdomo. Akamtazama Katembo. Akaufunga mdomo, akainama, akaanza kukanyaga cherehani. Wakati ule sikuelewa. Leo naelewa, na roho inaniuma.

Walivuka salama. Katika kurudi, katikati ya mto, upepo wa mvua ukashuka ghafla. Pembe ya chini iling'oka, pindo likachanika hadi juu, na tanga zima likaangukia upande mmoja, likanywa maji, likauvuta mtumbwi ukapinduka. Wapiga kasia waliogelea. Katembo alishikilia mwanzi. Nyota hakuwa na nguvu ya kushika kitu. Wavuvi waliupata mwili wake kesho yake.

Kwenye kilio Katembo alikuja na lile tanga lililochanika, akaliweka mbele ya Lukumani, watu wote wakitazama.

"Kamba iko wapi, papa?"

Kuna mtu alinong'ona, "Alors, njo vita," kwa nia ya kumsaidia. Lukumani akatikisa kichwa.

"Hapana. Vita haikuniambia kitu. Nilijua. Alikuwa anafunga kitenge, na nilijua. Niliona haya mbele yako, papa Katembo. Nilisema moyoni, akirudi nitatia kamba."

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemfariji pia. Kaka zake Nyota walikuja kuchukua watoto watatu aliowaacha, na yule mdogo aliuliza mpaka kivukoni kwa nini mama haendi nao. Lukumani hakukata kitambaa tena.

MAFUNZO

Ndugu zangu, vita vilitunyang'anya mengi, lakini uaminifu wa mikono yetu tuliutoa wenyewe. Kazi unayoifanya vibaya kwa siri ina mtu atakayeikalia, na hujui ni nani. Na ukiwa umekwisha kukosea, sema mapema, hata mbele ya mteja, hata mbele ya umati. Lukumani angeona aibu asubuhi moja tu, na jioni Nyota angemcheka.