Tangazo Bila Sauti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka la televisheni lilifurika watu, na wengi wao hawakuja kununua. Walikuja kusimama mbele ya ule ukuta mkubwa wenye televisheni juu mpaka chini, wakapoa na feni, wakaondoka. Wauzaji waliwajua kwa kusimama kwao. Mnunuzi husogea karibu akasoma bei. Mtazamaji hukaa mbali akafuata picha.

Kijana mmoja mwenye shati la bluu, lililopigwa pasi mbele tu, hakuwa karibu wala mbali. Alisimama katikati ya njia, watu wakimpiga vikumbo, naye anachezesha midomo.

Msichana wa duka alimwona mapema. Wenzake walimwita Rimoti, kwa sababu mfuko wa koti lake jekundu la kazi haukukosa rimoti mbili tatu, na ndiye pekee aliyejua ipi ni ya televisheni ipi. Desturi ya duka ilikuwa televisheni moja tu itoe sauti, nyingine zote ziwe bubu. Ya kutoa sauti aliichagua yeye.

Kwenye ukuta lilikuwa linapita tangazo la soda. Huku vijana wenye mabango, kule askari wenye ngao, katikati moshi. Kijana mmoja anavuka barabara na kumpa askari chupa. Askari anakunywa. Watu wanakumbatiana, na sauti nzito inasema: Sisi ni kitu kimoja.

"Karibu kaka. Nikusaidie?"

"Naangalia tu, dada."

"Naona. Unaangalia kwa mdomo."

Kijana akafumba mdomo, kisha akacheka. "Haya maneno nimeyatunga mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Yote?"

"Yote."

"Mbona ni manne tu?"

"Manne hayo nimeyatolea jasho, usione hivi."

"Haya. Kwa hiyo soda ndiyo imemaliza vurugu?"

"Ni mfano, dada yangu. Kampuni kubwa siku hizi haziuzi soda peke yake. Zinauza na amani."

"Basi serikali inunue kreti mbili tatu, tupumzike wote."

Fundi wa kufunga televisheni ukutani, aliyekuwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni, nusura aimeze. Rimoti hakucheka. Alingoja tangazo lirudi, maana hurudi kila baada ya muda mfupi, akazima sauti ya ile televisheni moja iliyobaki.

"Sasa tazama. Askari anaangalia nini?"

Kijana akatazama. Kwenye ukuta mzima askari alipokea chupa, akaitazama chupa, akainywa, akaitazama tena.

"Chupa," kijana akasema polepole.

"Hamwangalii mwenzake hata mara moja. Huyo ana kiu tu, hana upatanisho wowote. Mimi nayaona hivi kutwa nzima. Maneno yakiondolewa, macho yanabaki peke yake."

Mtunga matangazo alijitazama kama mtu aliyeambiwa zipu yake iko wazi. Halafu akanunua waya wa antena, kitu cha bei ndogo kuliko vyote dukani. Siku ya pili akarudi kununua mwingine. Ya tatu vilevile.

"Rimoti," fundi akaita kutoka juu ya ngazi, "mwambie shemeji waya zinatosha sasa. Aje kuposa."

*

Walianza kupigiana simu. Kijana alimwita Rimoti wangu. Naye akamwita Bwana Tangazo, na siku akiwa na furaha sana, Tangazo bila bwana.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Hayo peleka kwenye kampuni ya simu. Mimi nauliza chakula."

Jumapili walitembea. Rimoti alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi na viatu vya wazi, nywele amezibana nyuma. Walikaa kwenye benchi karibu na kituo cha mabasi, wakanunua aiskrimu, wakabishana juu ya matangazo. Kuna la benki, ambalo ndani yake maskini na tajiri wanapanga foleni moja. Rimoti akauliza kama tajiri yule aliwahi kupanga foleni tangu azaliwe. Kuna la kampuni ya simu linalowahimiza vijana wapige kura. Rimoti akasema wapige kura sawa, ila mbona kila kijana ana simu mpya mkononi? Mtunga matangazo alikuwa anacheka, na mara nyingine anaumia kidogo, lakini hakuacha kuuliza.

Jioni moja kwenye simu wakafika kwenye habari za wazazi. Rimoti alikuwa amelala chali kitandani, taa imezimwa, mama yake chumba cha pili.

"Mama yangu sijawahi kumwona amekaa mezani," akasema. "Tangu niko mdogo. Sisi na baba tunakula tumekaa, yeye jikoni amesimama, sahani ameiweka juu ya mfuniko wa sufuria. Nilikuwa namtazama mgongo. Nikawa naona kama tunamnyonya."

Upande wa pili kulikuwa kimya.

"Umelala?"

"Sijalala. Alikuwa anavaa nini?"

"Nani, mama? Gauni la kijani, lenye mfuko mkubwa mbele. Na kitambaa cha kufutia mikono begani. Kwa nini?"

"Nataka kumwona tu."

Rimoti aliona hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa na mwanamume. Alilala nalo.

*

Mafuta ya kupikia yalikuwa na tangazo jipya. Lilianza Jumatatu, asubuhi, duka likiwa halina watu. Rimoti alikuwa anafuta vumbi kwenye vioo, uso wake karibu na uso wa mwanamke aliyekuwa ndani ya kioo. Aliona kitambaa begani. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

Ukuta mzima ulikuwa gauni la kijani. Mwanamke amesimama jikoni, sahani juu ya mfuniko wa sufuria. Nyuma yake, mezani, watu wanakula na kucheka. Mtoto wa kiume anageuka, anamwona mgongo, anaacha kutafuna. Anainuka, anamshika mkono, anamketisha kwenye kiti chake. Mwanamke analia. Chupa ya mafuta inatokea pembeni, na sauti inasema: Mama, leo kaa.

"Hilo sasa ndilo tangazo!" bosi akapaza sauti kutoka kaunta. "Rimoti, ongeza sauti."

Akaongeza. Hakuwa na la kufanya. Kisha akatoka uani, penye maboksi matupu, akapiga simu.

"Rimoti wangu! Umeliona? Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtua."

"Wamelipenda mno. Wanasema litafungua mjadala juu ya akina mama..."

"Uliniuliza gauni lake."

Rimoti akasukuma boksi moja tupu kwa mguu.

"Uliniuliza alikuwa anavaa nini, mimi nikafikiri unampenda mama yangu."

"Nilimpenda kweli. Ndiyo maana nikaandika. Sikutaja jina la mtu. Na nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

"Mtoto. Nimemfanya wa kiume."

Rimoti aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kwa hiyo mimi ndiyo umenitoa, mama ukambakiza."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usinipigie tena."

Alipiga. Alipiga mchana, akapiga jioni, akatuma ujumbe mrefu kisha mfupi. Kwenye kampuni yake walimpa mkono na kumwahidi kazi ya tangazo la pili, la akina baba. Bosi wake akamuuliza, kwa utani, huyo mama alimtoa wapi. Akajibu amemtunga. Lilikuwa jibu la kumlinda mtu, lakini lilipotoka mdomoni alilisikia kama la mwizi.

Tangazo nalo lilikimbia. Redioni watu walipiga simu na kulia. Wakubwa walilitia kwenye hotuba. Dukani wanawake walisimama na mifuko yao ya sokoni wakajifuta machozi, waume zao wakasoma bei ghafla. Rimoti alifanya kazi akiwa ameupa ukuta mgongo. Kilichomtesa zaidi kilikuwa nyumbani. Mama yake angeona. Angejiona mbele ya nchi nzima kama mtu wa kuhurumiwa, na angejua nani kapeleka habari. Basi Rimoti aliuchomoa waya wa antena ya televisheni ya nyumbani, akauficha ndani ya kiatu, akasema umeharibika.

"Mtoto anauza televisheni, nyumbani hana waya," mama akasema. "Ama kweli."

"Zimeisha dukani, mama. Kuna mteja alizinunua zote."

*

Mama alikuja dukani mwenyewe, Alhamisi mchana, bila taarifa. Alivaa lile gauni la kijani. Lilikuwa limepauka mabegani, lakini mfuko wake ulikuwa bado mkubwa. Jirani alikuwa amemwita kwake aone kitu. Sasa alitaka kukiona kikubwa.

"Liweke," akamwambia binti yake.

"Mama, twende nje tuongee..."

"Nimekuja mjini kwa nauli yangu. Liweke."

Halikuhitaji kuwekwa. Lilikuja lenyewe. Mama alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akalitazama mpaka mwisho. Akangoja, akalitazama tena. Fundi alishuka kwenye ngazi kwa heshima. Rimoti alikuwa ameshika rimoti zote kwa pamoja, hajui hata moja ni ya wapi.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo mama. Nilimsimulia mtu. Nisamehe."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Rimoti akakimbia kumshika, ndipo akaona kwamba anacheka. Alicheka mpaka akaegemea friji ya maonyesho.

"Ananionea huruma! Kwa kusimama!"

"Ulikuwa unakula peke yako, mama. Umesimama kila siku."

"Mwanangu, nilikuwa nakula kwanza! Marehemu baba yako akikaa mezani maswali hayaishi. Chumvi iko wapi, fulani kasemaje, kesho tunapika nini. Mimi jikoni nakula cha moto, kimya, hakuna wa kuniuliza. Na nyama hizo ziligawiwa na nani? Ile minofu laini hamkuwahi hata kuiona!"

Fundi akageukia ukuta. Bosi akajifanya anahesabu maboksi.

Miaka yote Rimoti aliutazama mgongo ule na kuusomea huzuni. Yeye, anayejua askari ana kiu, hakuwahi kuzunguka upande wa pili aone uso.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?" Mama alijifuta macho kwa kiganja. "Na huyo uliyemsimulia naye hakuniuliza. Ndiye mnunuzi wa waya?"

"Ndiye."

"Bado unamtaka?"

Rimoti alitazama rimoti mkononi. "Namtaka. Lakini naogopa kumwambia kitu, mama. Kila nitakachosema nitakiona hapo ukutani."

"Mlete Jumapili. Mimi nitamweka mezani."

*

Aliitwa kwa simu fupi kuliko zote walizowahi kupigiana.

"Mama anakuita. Jumapili mchana."

"Na wewe, unaniita?"

"Mama anakuita," Rimoti akarudia, akakata.

Kijana alikuja na shati jeupe, safari hii limepigwa pasi mbele na nyuma. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi tangu Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa safi, juu yake sahani moja. Mama akampakulia wali, akamwekea nyama, kipande kimoja kikubwa juu kabisa. Mgeni akaangalia viti vitatu vilivyo wazi.

"Nyinyi hamli?"

"Leo wewe kaa," mama akasema, akaingia jikoni. Rimoti akamfuata bila kugeuka.

Akakaa. Kutoka jikoni alisikia vijiko vikigonga sufuria, minong'ono, halafu kicheko cha mama, halafu cha binti. Hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa wiki nyingi, na sasa kilikuwa nyuma ya ukuta, na yeye ameketishwa kwenye kiti cha heshima kama kwenye tangazo lake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuketi kwa upweke namna ile. Nyama hakuigusa.

Akainuka na sahani yake mpaka mlangoni. Wanawake wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega, sahani juu ya mifuniko, midomo inang'aa mafuta.

"Naomba kusimama na nyinyi."

"Jikoni ni padogo," mama akasema. "Muombe mwenye nafasi."

Rimoti alimtazama kwa muda. Kisha akajisogeza kidogo tu, upana wa mtu mmoja.

"Mama, nilikosa," kijana akaanza. "Ningekuja kuuliza kwanza..."

"Ungekuja ningekwambia nilikuwa nakula minofu, na tangazo lingekufa. Ungeandika?"

"Nisingeandika."

"Na hilo la akina baba, wanalosema redioni kwamba linakuja?"

"Nimewaambia wamtafute mtu mwingine. Baba wote ninaoweza kuwaandika ni wa kuazima." Akamgeukia Rimoti, sahani bado mkononi. "Nina la kukuuliza wewe. Naomba kwanza ruhusa ya kuuliza."

"Litatoka kwenye televisheni?"

"Halitatoka hapa jikoni."

"Basi usiliseme."

"Nisiseme?"

"Nimezima sauti. Niangalie tu."

Akanyamaza. Mtu wa maneno alisimama bila neno, jasho limemkaa juu ya mdomo, hajui mikono aiweke wapi kwa sababu mmoja una sahani. Rimoti aliyatazama macho yake kama anavyotazama kila siku kwenye ukuta, bila haraka, akingoja yateleze pembeni. Mama naye alinyoosha mkono taratibu, akakiinua kile kipande kikubwa cha nyama kutoka kwenye sahani ya mgeni, akakitia mdomoni.

Kijana hakuona.

"Ndiyo," Rimoti akasema.