Mwisho wa Mchezo Uko kwa Kuku

Sogeeni, watoto. Sogeeni tena kidogo, maana hadithi hii ina sauti ndogo.

Huko mbali, kaskazini mwa Ujerumani, palikuwa na kijiji chenye upepo mwingi. Hapo waliishi Tomma na babu yake.

Babu Harm alikuwa seremala. Alitengeneza meza, milango na vitanda.

Tena alitunga michezo ya kuigiza. Watu wa kijiji wakaigiza, na wengine wakatazama, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Michezo yake haikuwa kwa Kijerumani cha shuleni. Ilikuwa kwa maneno ya nyumbani, yale ya jikoni, yale ya kumwitia ng'ombe.

Lakini Babu alikuwa na kituko chake. Neno likimjia, hakungoja karatasi. Aliandika papo hapo, juu ya ubao aliokuwa nao.

Kwaruu, kwaruu, randa yaimba.
Babu acheka, penseli yakimbia.

Jumapili alinakili yote kwenye karatasi. Kisha alipiga mbao randa, na maneno yakaanguka sakafuni pamoja na maranda.

Siku moja watu walikuja karakanani kugawana nafasi za mchezo mpya. Ulikuwa mchezo wa ng'ombe aliyekataa kuvuka daraja.

Mwokaji mikate akapewa kuwa mwenye ng'ombe. Tarishi akapewa kuwa polisi. Vijana wawili wakapewa blanketi, wawe ng'ombe.

"Na mimi, Babu?" akauliza Tomma.

Babu Harm akapekua karatasi zake. Akapekua tena. "Humu sikuoni, mjukuu wangu," akasema. "Labda uko mwishoni."

"Na mwisho uko wapi?"

Babu akajikuna kichwa. "Niliuandika ubaoni. Nilicheka mpaka penseli ikaanguka. Lakini mwisho wenyewe unasemaje, sikumbuki hata kidogo."

Tomma akaanza kutazama mbao moja moja. Alitaka sana kuwemo kwenye mchezo. Hata kuwa mkia wa ng'ombe angekubali.

Wakatafuta nyuma ya mlango. Hamna.

Wakatafuta chini ya meza. Hamna.

Wakatafuta ndani ya maranda. Hamna, ila paka amelala.

Tomma akafikiri. "Babu, mbweha alipokuja kwa jirani yetu Bibi Geske, ulimtengenezea Bibi nini?"

Babu akashika shavu. "Lo. Banda la kuku. Nilikuwa na haraka, nikapigilia kila ubao niliouona."

Basi wakatoka, wakaenda kwa jirani yao Bibi Geske. Upepo ukawasukuma mgongoni, vuuu, vuuu.

"Hodi, Bibi Geske."

"Karibuni. Mna shida gani?"

"Tunautafuta mwisho wa mchezo," akasema Tomma. "Uko kwa kuku wako."

"Kumbe," akasema Bibi Geske. "Ndiyo maana wanashinda wakitazama ukuta."

Babu Harm akapiga magoti, akaingiza kichwa bandani. Kichwa kikakwama. Akavuta, akavuta. Kichwa kikatoka, kofia ikabaki ndani.

"Kubomoa hatubomoi," akasema Bibi Geske. "Mbweha bado yupo."

Babu akamtazama Tomma. Bibi Geske akamtazama Tomma. Mlango wa banda ulikuwa mdogo, na Tomma naye alikuwa mdogo.

Akaingia akitambaa. Ko, ko, ko, wakasema kuku.

Ndani kulikuwa na joto, na mwanga kidogo wa mlangoni. Na pale ukutani palikuwa na maandishi ya penseli ya Babu, mistari kwa mistari.

Tomma akasoma polepole, kwa sauti. "Polisi anaamuru. Ng'ombe hataki."

"Endelea," akasema Babu kule nje.

"Anaingia mtoto mdogo."

Moyo wa Tomma ukaenda du, du, du.

"Jina lake..."

Kuku mkubwa wa kahawia alikuwa amekaa hapo. Mgongo wake ulifunika maneno yote yaliyobaki.

"Tafadhali, naomba uondoke mahali hapo," akasema Tomma, kwa Kijerumani cha shuleni.

Kuku akafumba jicho moja.

Tomma akakumbuka Bibi Geske anavyosema na kuku wake asubuhi. Akasema taratibu, kwa maneno ya nyumbani, "Haya, mama weye. Jongea kidogo."

Ko, akasema kuku. Akajongea.

Tomma akasoma. "Jina lake Tomma."

Kule nje Babu akajipiga paja. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe ulikuwemo," akasema. "Ulikuwemo siku zote, na mimi nikakupigilia misumari kwa kuku."

Babu akainakili mistari iliyobaki, Tomma akiisoma. Tomma alifurahi mno, akamkumbatia kuku wa kahawia. Kuku hakupenda.

Jioni ya mchezo ikafika. Ghala kubwa la majani makavu likajaa watu.

Mwenye ng'ombe akavuta kamba. Ng'ombe hakuvuka.

Polisi akapiga filimbi. "Ng'ombe, unaamriwa kuvuka daraja bila kuchelewa." Mooo, akasema ng'ombe. Hakuvuka.

Anaingia mtoto mdogo.

Tomma akaona nyuso nyingi, nyingi sana. Akaogopa. Maneno yote yakakimbia.

Watu wakangoja.

Ko, ikasikika sauti pale mbele. Bibi Geske alikuwa na kikapu mapajani, na kuku wa kahawia alikuwa ametoa kichwa.

Tomma akavuta pumzi. Akaweka mkono wake juu ya blanketi la ng'ombe.

"Haya, mama weye," akasema. "Twende zetu nyumbani."

Ng'ombe akatikisa mkia. Akainua mguu mmoja. Akainua mwingine. Akavuka daraja nyuma ya Tomma, mpole kabisa.

Ghala zima likacheka. Bibi Geske akacheka na kufuta machozi, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyosema na kuku na ng'ombe wake tangu utotoni.

Mchezo ukaisha, taa zikazimwa. Tomma akakaa juu ya majani makavu. Macho yake yakawa mazito, na miguu yake ikakataa kwenda.

"Tomma, simama," akasema mwokaji mikate. Hakusimama.

"Tomma, amka," akasema tarishi. Hakuamka.

Babu Harm akaja, akainama. Akasema taratibu sikioni mwake, "Haya, mama weye. Twende zetu nyumbani."

Tomma akanyoosha mikono, Babu akambeba.

Kesho yake, asubuhi, karakana ikafunguliwa.

Kwaruu, kwaruu, randa yaimba.
Babu acheka, penseli yakimbia.

Lakini Tomma hakusikia. Alikuwa bado amelala, kwenye kitanda alichotengenezewa na Babu. Na sisi, haya, wapenzi nyie, tulale.