Dudumizi wa Jumatatu

"Wifi, wiki ya sita hii unavizia kichaka kimoja. Hata mwizi angeshakata tamaa."

"Punguza sauti. Yumo humo ndani."

"Na mimi nimo humu nje, siafu wananipanda. Mbona hunipigi picha?"

Fundi wa miwani alicheka bila kutoa jicho kwenye kamera. Ilikuwa Jumatano, siku yake ya mapumziko, na walikuwa wamechutama nyuma ya bwawa la majitaka, yeye na dada wa mchumba wake. Ndege aliyemtafuta, dudumizi, ni mkubwa kiasi cha kuku mdogo, lakini anajua kujificha kuliko sindano. Sauti yake fundi aliijua nje ndani: inaanza juu, inashuka harakaharaka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, kisha mwishoni inapanda tena kidogo. Picha yake hakuwa nayo hata moja.

Mambo haya ya kupiga picha ndege aliyaanza mwaka jana, mwezi uleule mchumba wake, mpima ardhi, alipokwenda kupima barabara mpya mbali sana. Ilikuwa ama kamera, ama kuzungumza na kuta. Mchana alisaga lenzi za wateja. Jioni alirudi kwenye chumba chenye vikombe viwili, akaosha kimoja. Kilichomshikilia ni ujumbe wa sauti uliomfikia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, bila kukosa.

"Mtandao huku ni wa kubahatisha," mpima alimwambia tangu mwanzo. "Usihangaike kupiga. Nitakuwa natuma mwenyewe."

Na sasa barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari. Ijumaa ampe bosi, mwisho wa mwezi afunge virago amfuate, wafunge ndoa hukohuko.

"Utawaacha ndege wako?" wifi aliuliza.

"Kule nao wapo. Ngoja nikusikilizishe. Nimemsikia dudumizi nyuma ya sauti ya kaka yako."

"Makubwa! Watu wanatumiwa mahaba, wewe unasikiliza ndege."

Fundi akafungua ujumbe wa Jumatatu.

"Umeamkaje, fundi wangu? Huku mvua inanyesha tangu usiku, hata kutoka nje hatujaweza. Nakuwaza. Kazi njema."

Nyuma ya maneno, mtu alikuwa anagonga bati. Kisha dudumizi akaanza, akashuka, akashuka, ujumbe ukakatika.

Akagusa wa Jumanne. Dudumizi akapanda, akamaliza.

"Umeamkaje, fundi wangu? Leo hata wingu moja hakuna, jua litatubabua..."

Bati liligongwa vilevile. Nyundo mbili, kimya, nyundo mbili.

"Kweli anaimba vizuri," wifi alisema.

Fundi aliinamia simu. Akasikiliza tena mwisho wa Jumatatu na mwanzo wa Jumanne. Akaweka na ujumbe wa leo. Nyundo zilezile.

"Wifi, kuna nini?"

"Huyu ndege alianza kuimba Jumatatu, akamaliza Jumanne."

"Kwani alilala katikati ya wimbo?"

"Hakulala. Kaka yako amerekodi zote kwa mkupuo mmoja."

Wifi alikung'uta siafu mguuni. "Labda ni mtandao. Si alisema mtandao?"

"Mtandao hauwezi kunyesha mvua Jumatatu, ukawaka jua Jumanne."

Akapiga. Mwaka mzima aliambiwa asipige, hakupiga. Simu iliita mara mbili tu, na sauti ikaja safi kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Fundi? Kuna nini? Mama mzima?"

"Wote wazima. Niko na wifi. Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu harakaharaka. Hizi salamu unazirekodi lini?"

Fundi akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Jumapili asubuhi na mapema," alisema mpima. "Nakaa nyuma ya kambi na karatasi. Narekodi saba."

"Na mvua unaiandika kwenye karatasi?"

"Ndiyo. Mvua, jua, gari kukwama. Ili zisifanane."

"Yupo mtu?"

"Hayupo. Afadhali angekuwepo, ningekuwa na sababu."

"Sababu ya nini?"

"Fundi..."

"Ijumaa napeleka barua kazini. Naacha kazi. Sababu ya nini?"

"Usiipeleke."

Alilisema taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi fundi alisikia kwake neno ambalo halikuandikwa popote.

"Tangu lini?"

"Sijui. Mwanzoni nilikuwa natuma kila siku, kweli kabisa. Siku moja nikakaa na simu, nikakosa la kusema. Nikaogopa. Nikasema nitakuambia ikipatikana siku nzuri."

"Umenipa siku saba mpya kila wiki. Hukuipata hata moja?"

Wifi, aliyekuwa ameegesha sikio, akampokonya simu. "Kaka! Huna haya? Mwenzako anang'atwa na siafu huku..."

"Nipe, wifi. Hajanitukana."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Sijamaliza kumsikiliza."

Akairudisha simu sikioni.

"Nisamehe," mpima alisema.

"Nitakusamehe, ila si leo. Za Alhamisi mpaka Jumamosi umeshazirekodi?"

"Ndiyo."

"Zifute. Sasa hivi, nikiwa nakusikia."

"Jamani, fundi..."

"Nikiamka kesho nikaikuta, nitaisikiliza. Najijua. Zifute."

Fundi akasikia simu ikibonyezwa.

"Alhamisi," alisema mpima. Kisha: "Ijumaa." Ya tatu ilichukua muda zaidi. "Jumamosi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ndiyo siku ya kurekodi."

"Basi Jumapili upumzike."

Akakata. Wifi alikuwa ameketi chini kwenye majani, siafu amewasahau, machozi yanamtiririka kana kwamba aliyeachwa ni yeye.

"Na mimi sasa nitakuitaje?"

Fundi alifunika lenzi, akakunja stendi ya kamera mguu mmoja mmoja, akampa mkono anyanyuke.

"Niite wifi mpaka tufike barabarani."

Walitembea hadi barabarani. Hakuna aliyemwita mwenzake.